Hataza ikiisha, mwekezaji hubaki na nini?

Mwenye kupita katika masoko ya mitumba mjini Nakuru hataacha kuona jinsi vijana wanavyogombea suruali za jinzi zilizopauka. Suruali mpya yenye buluu iliyoiva huachwa ikining'inia, na ile iliyofifia magotini, kana kwamba imevaliwa miaka kumi shambani, ndiyo inayonunuliwa kwa bei ya juu. Zamani viwanda viliipata sura hiyo kwa kuzifua suruali pamoja na mawe mepesi ya volkano. Baadaye wataalamu waligundua njia nyingine: vimeng'enya vinavyotafuna kidogo uso wa nyuzi za pamba na kuiachilia rangi itoke. Mawe yakapungua, vimeng'enya vikachukua kazi.

La kushangaza, msomaji mpendwa, ni kwamba sehemu ya elimu hiyo ina asili yake hapa hapa Bonde la Ufa. Katika maziwa yetu ya magadi, ambamo maji ni makali kiasi cha kuchoma ngozi, wamo bakteria wasioonekana kwa macho waliozoea ukali huo. Kimeng'enya cha kiumbe aliyezoea magadi hakishindwi na sabuni ya kufulia, na hiyo ndiyo sifa inayotafutwa na viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi kutoka Uingereza walichukua sampuli katika maziwa ya magadi ya Kenya. Kampuni ya Genencor ya Marekani ilitengeneza bidhaa kutokana na viumbe wa maziwa hayo, kwa ajili ya jinzi na sabuni, na kuzikinga kwa hataza. Mnamo 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza hadharani kudai sehemu ya mapato. Kampuni nayo ilishikilia kwamba haikukiuka sheria.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu vimeng'enya na hisa? Jibu ni jepesi. Kazi ya mwanaisimu ni kuyachungua maneno na kuona yanabeba nini. Neno hataza limo katika msamiati wetu kwa miaka mingi, lakini nimewauliza wanafunzi darasani, mwaka baada ya mwaka, na wachache mno ndio wanaoweza kulieleza. Neno lisiloeleweka ni mlango uliofungwa. Na nyuma ya mlango huu mna fedha za walimu, kazi za vijana na haki za watu wa bonde hili.

Hebu basi tuufungue. Hataza ni makubaliano baina ya mbunifu na umma. Mbunifu husema: nitafichua siri yangu yote, niiandike waziwazi ili kila mjuzi aweze kuifuata. Umma nao, kwa mkono wa serikali, humjibu: kwa sababu umefichua, hakuna atakayeutumia ubunifu wako bila idhini yako kwa muda maalumu. Muda huo, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Kiviwanda ya Kenya ya 2001 na kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani, ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Ukiisha, ubunifu ni wa wote. Kwa hiyo hataza haifanani na shamba la urithi analoachiwa mtoto na mjukuu. Inafanana zaidi na shamba la kukodi: unalima, unavuna, na siku ya mkataba kuisha unaondoka hata kama mahindi yangali mabichi.

Ikumbukwe pia kwamba miaka hiyo 20 huanza kuhesabiwa kabla bidhaa haijafika sokoni. Dawa, kwa mfano, huweza kumaliza miaka kumi ikijaribiwa maabarani na hospitalini. Inapoanza kuuzwa, nusu ya muda wake wa kinga imekwisha kupita. Mwekezaji anayesikia kwamba kampuni fulani ina hataza akashangilia bila kuuliza imebakiwa na miaka mingapi, ni sawa na mnunuzi wa ng'ombe anayetazama pembe tu asimfungue kinywa kuhesabu meno.

Tuchukue hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaimudu. Tuseme hisa moja ya kampuni ya teknolojia inauzwa kwa shilingi 40, na kila mwaka hisa hiyo huzalisha faida ya shilingi 8. Mtu mwenye haraka atasema: miaka mitano, nami nimerudisha fedha zangu. Lakini ikiwa karibu faida yote hutokana na hataza moja inayoisha baada ya miaka miwili, na baada ya hapo washindani wataingia sokoni na kuishusha faida hadi shilingi 2, mambo yanabadilika. Miaka miwili ya kwanza italeta shilingi 16. Zilizobaki, shilingi 24, zitahitaji miaka 12 zaidi. Miaka mitano imegeuka kuwa 14! Kampuni ni ile ile, hisa ni ile ile, faida ya mwaka huu ni ile ile. Tofauti ni tarehe moja tu, nayo haikuandikwa kwa herufi kubwa katika tangazo la mauzo ya hisa.

Hili si jambo la kubuni. Kampuni ya Pfizer ya Marekani ilikuwa na dawa ya kupunguza mafuta katika damu iitwayo Lipitor, mojawapo ya dawa zilizouzwa zaidi katika historia. Kinga yake nchini Marekani ilimalizika Novemba 2011. Mwaka huo mauzo yake duniani yalikuwa zaidi ya dola bilioni 9. Mwaka uliofuata yalishuka hadi chini ya dola bilioni 4. Wafanyabiashara wa soko la hisa hulifananisha anguko la namna hiyo na jabali: unatembea juu ya ardhi tambarare, kisha ghafla hakuna ardhi. Waama, jabali hilo lilikuwa limechorwa kwenye ramani tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba kila hataza inapokufa, kampuni nayo hufa. Wakulima wa Njoro, Rongai na Molo wanaijua Roundup, dawa ya kuua magugu ya kampuni ya Monsanto. Kiungo chake kikuu, glaifoseti, kilianza kuuzwa mwaka 1974, na hataza yake nchini Marekani ikaisha mwaka 2000. Tangu hapo kila kiwanda kinaweza kukitengeneza, na madukani zimejaa dawa za kiungo hicho hicho zenye majina chungu nzima. Je, Monsanto ilianguka? La hasha. Kabla ya tarehe hiyo kufika, ilikuwa imekwisha kuanza, katikati ya miaka ya 1990, kuuza mbegu zinazostahimili dawa hiyo, nazo zilikuwa na hataza zake mpya. Mnamo 2018 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliinunua Monsanto kwa zaidi ya dola bilioni 60. Kesi za watumiaji wanaodai kudhuriwa na dawa hiyo zimeigharimu Bayer pakubwa tangu hapo, jambo linalotukumbusha kwamba hatari za kampuni haziko kwenye hataza pekee. Lakini kuhusu hataza somo ni wazi: kampuni iliyoitumia miaka yake 20 kujijenga haikuogopa mwaka wa 21.

Hapo ndipo ninapopata nafasi ya kusema kama mwanaisimu. Nimewasikia wakulima wakiiita dawa yoyote ya magugu Roundup, iwe imetoka kiwanda hicho au kingine. Ubunifu umekwisha kuwa wa umma, lakini jina limebaki mdomoni mwa watu, na jina lina mwenyewe. Alama ya biashara husajiliwa kwa miaka 10 na huweza kuhuishwa tena na tena, bila kikomo. Ndiyo maana kampuni hodari hutumia miaka ya hataza kulipanda jina ndani ya lugha. Sisi Waswahili tulilionja jambo hili kwa uchungu. Mnamo 2003 kampuni ya Disney ilisajiliwa nchini Marekani kuwa mwenye alama ya maneno Hakuna Matata kwa ajili ya fulana, maneno ambayo watu wa pwani hawakuyapokea kutoka Hollywood. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini ombi la kupinga. Ubunifu wa kiwandani hulindwa miaka 20. Msemo wa bibi zetu, ukiwahi kuandikishwa na mwingine, waweza kulindwa kwa ajili yake milele.

Mfano wa karibu zaidi ni M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom Machi 2007. Mwalimu aliyenunua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 mwaka 2008 hakununua hataza. Nguvu ya huduma ile iko kwa mawakala waliotapakaa hadi vituo vya biashara vya vijijini, na kwa mazoea ya mamilioni ya watu ambao kwao kutuma fedha na kutuma M-Pesa ni kitu kimoja. Hata hivyo, jina na mtambo vilikuwa mikononi mwa Vodafone ya Uingereza, na ilibidi kusubiri hadi mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom zilipovinunua kwa pamoja. Kitu kilichokuzwa na Wakenya kwa miaka 13 kilikuwa kikitumiwa kwa idhini ya mwingine. Anayechunguza thamani ya kampuni ya teknolojia na ayaulize haya mawili: nini kinawafanya wateja wasihame, na ni nani hasa mwenye kitu hicho?

Nakuru ina somo jingine la kale zaidi, nalo ni la pareto. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza duniani kwa maua hayo yanayotoa dawa ya kuua wadudu, na makao ya biashara hiyo yalikuwa mjini hapa. Mwaka 1973 wanasayansi wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitengeneza permethrini, kemikali inayoiga sumu ya pareto lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Kemikali hiyo na dada zake zilikingwa kwa hataza. Muda wa kinga ulipokwisha, viwanda vingi, hasa vya Asia, viliingia na bei ikashuka. Kwa hiyo kuisha kwa hataza ya mtu mwingine kwaweza kumwumiza hata yule asiye na hataza yoyote, kwa sababu mshindani wake amekuwa rahisi. Lakini tusijifiche nyuma ya hoja hiyo. Mahitaji ya pareto ya asili hayakufa. Australia, katika kisiwa cha Tasmania, iliyachangamkia na kutupita. Kwetu wakulima walicheleweshewa malipo hadi wakang'oa maua na kupanda viazi. Kilichotuangusha zaidi ni uongozi mbaya, si kemia.

Turejee sasa kwenye maziwa ya magadi, kwani hapo ndipo penye deni ambalo halijalipwa. Hataza iliyoombwa mwaka 1995, kwa kanuni ya miaka 20, ilikwisha 2015. Kwa hiyo zile za kizazi cha kwanza cha sampuli zetu zimekwisha kumaliza muda wake au ziko ukingoni. Katika kipindi hicho kampuni yenyewe imebadilisha mikono mara tatu. Danisco ya Denmark iliichukua Genencor yote mwaka 2005. DuPont ya Marekani ikainunua Danisco mwaka 2011 kwa zaidi ya dola bilioni 6, ikiwa ni bei ya kampuni nzima na shughuli zake zote. Mwaka 2021 kitengo hicho kikaunganishwa na kampuni ya IFF. Wanunuzi wale hawakuwa wajinga. Walijua kwamba hataza za zamani zinakwisha. Walichonunua ni maabara, wataalamu, hazina ya vijidudu waliohifadhiwa, hataza mpya na wateja wa miaka mingi. Hiyo ndiyo thamani ya kudumu. Nasi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunabishana juu ya mrabaha wa hataza ya kwanza, nao muda wake ulikuwa ukiyoyoma.

Simaanishi kwamba madai ya KWS hayakuwa na msingi. Mkataba wa Bayoanuwai uliotiwa saini Rio mwaka 1992 ulisema bayana kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe wake. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikafafanua namna ya kugawana manufaa. Mwaka 2007 KWS yenyewe ilitia saini ushirikiano wa miaka mitano na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu vijidudu vya Kenya, hatua iliyoonyesha kwamba mapatano ya mapema yanawezekana. Na Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Haki za Ubunifu Duniani, WIPO, zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje nchi ambako rasilimali ya viumbe ilitoka. Mkataba huo ukianza kutumika na kuheshimiwa, hautafufua haki za 1992, lakini utamzuia mgeni wa kesho kuondoka na chupa ya matope bila jina la Bogoria kuandikwa popote.

Wala tusisahau wenyeji wenyewe. Jamii ya Waendorois iliondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria baada ya eneo hilo kufanywa hifadhi mwaka 1973. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa 2010, ilisema kwamba haki zao zilikiukwa, na kwamba wanastahili fidia na sehemu ya mapato ya shughuli za kiuchumi katika ardhi yao. Mrabaha ukifika Nairobi ukakomea Nairobi, tutakuwa tumebadilisha jina la mnyang'anyi tu.

Kuna upande mwingine wa kuisha kwa hataza ambao haupewi uzito wake. Siku hataza inapokufa, mlango hufunguka, na hufunguka kwa wote, nasi tukiwamo. Maelezo ya ubunifu yako wazi. Anayeomba hataza ya kijidudu kwa kawaida hutakiwa kukiweka kielelezo chake katika hazina inayotambuliwa kimataifa. Mwanafunzi wa biokemia wa hapa Njoro anaweza kuusoma ubunifu uliotokana na ziwa la nyumbani kwao na kuuendeleza bila kumwomba mtu ruhusa. Viwanda vyetu vya ngozi, sabuni na nguo vinahitaji vimeng'enya kila siku. Ikiwa baada ya miaka 20 ya kulalamika bado hatuna kiwanda cha kuvitengeneza, basi si hataza iliyotuzuia. Kilichotuzuia ni kutosoma.

Nitapingwa hapa, na kwa haki. Mtu atasema kwamba kusoma hataza hakutoshi. Kampuni huficha mbinu za uzalishaji ambazo haziandikwi, tena hurundika hataza ndogondogo juu ya ile kubwa ili muda uonekane hauishi. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inatudai tusome zaidi, si kidogo. Aliyeisoma hataza ya kwanza ndiye atakayejua kama ya pili ni ubunifu wa kweli au ni rangi mpya juu ya ukuta wa zamani.

Tufanye nini basi? Kwa walimu wenye akiba katika vyama vya ushirika, na ambao viongozi wao hushawishiwa kununua hisa za hapa na za ng'ambo, nawaomba waulize maswali manne kabla ya kuinua mkono mkutanoni. Ni kiasi gani cha mapato ya kampuni hii kinategemea hataza? Hataza hizo zinaisha lini? Kampuni inatenga nini kila mwaka kwa utafiti wa kitakachofuata? Na siku kinga itakapokwisha, wateja watabaki kwa sababu gani? Msimamizi asiyeweza kujibu maswali hayo hana haki ya kuicheza akiba ya mjane na yatima.

Kwa vyuo vikuu vya bonde hili, kila sampuli inayotoka ziwani na iandikwe: nani ameichukua, lini, kwa kibali gani, inakwenda wapi. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulipoteza mali ya 1992 kwa kukosa daftari, si kwa kukosa sheria tu. Na kwa wanafunzi wangu na wa wenzangu: usikimbilie kutangaza ubunifu wako katika maonyesho kabla ya kuwasilisha ombi katika Taasisi ya Mali ya Kiviwanda ya Kenya, KIPI, kwani kilichokwisha kutangazwa huweza kuhesabiwa kuwa si kipya tena. Ukishawasilisha, usilale. Saa imeanza kuhesabu.

Kwetu walimu wa Kiswahili kuna kazi mahususi. Hataza, mrabaha, alama ya biashara, kimeng'enya: haya si maneno ya kamusi yanayongoja mtihani. Ni maneno ya riziki. Tuyafundishe kwa mifano ya Bogoria na Molo, si kwa kukariri. Ziwa letu litaendelea kutokota na vijidudu vyake vitaendelea kuishi mahali ambapo kiumbe mwingine angekufa, hataza ije au iende. Mgeni mwingine mwenye chupa atakuja, kama hajafika tayari. Akija, na amkute kijana wa Marigat ukingoni mwa maji, mkononi ana daftari, naye anajua neno hataza lina maana gani.